Mama Stesheni na Chumba cha Tatu

Siku Sanae Morikubo alipokosa mabasi matatu mfululizo ndiyo siku maisha yake yalipoharibika. Hivyo ndivyo mama yake anavyosimulia, na husimulia kwa sauti, kwa kila jirani wa Himeji mwenye masikio. Binti alikuwa na kazi ya reli, na kiti chake, na bima yake, na pensheni inayomngoja kama chakula kilichofunikwa. Akaviacha vyote akaenda kukanda udongo milimani. "Watoto wa wenzangu wakifika miaka arobaini na miwili wanapandishwa cheo," mama husema. "Wangu amejishusha mwenyewe mpaka kwenye matope."

Na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Miaka ishirini Sanae alikuwa mpanga ratiba. Treni zote zinazoingia na kutoka Osaka asubuhi, yeye na wenzake ndio waliokuwa wakizichora kwenye karatasi pana, kila treni na mstari wake wa mshazari, na kila dakika imekatwa vipande vinne. Treni ikichelewa dakika mbili, lazima mtu aandike barua ya kuomba radhi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa Sanae. Aliomba radhi kwa ajili ya theluji, kwa ajili ya upepo, na mara moja kwa ajili ya kulungu aliyelala relini na kukataa kuondoka.

Jioni alikuwa akienda darasa la ufinyanzi, kama wengine wanavyokwenda kuimba au kucheza dansi. Miaka sita alitengeneza vikombe, akawagawia wafanyakazi wenzake mpaka wakaanza kujificha. Hapo hapakuwa na ubaya wowote. Ubaya ulianza Jumapili moja alipopanda mpaka Urushidani, kijiji cha wafinyanzi, kumnunulia mama yake bakuli la kusagia ufuta.

Nyuma ya nyumba ya tatu alimkuta Mzee Iwao Tokushige anakanda. Mzee hakumkaribisha wala hakumfukuza. Sanae akakalia kreti iliyopinduliwa, akatazama bonge la udongo likigeuka chini ya viganja vile, likifungua mikunjo na kuifunga, bila haraka, bila kusita, kama kwamba mzee na udongo wamekubaliana jambo zamani na sasa wanalitekeleza tu. Basi la saa tisa likapita. La saa kumi likapita. Bi Fusae, mke wa mzee, akatoka na kikapu cha figili.

"Mama, unangoja nini hapo?"

"Nangoja basi."

"Basi? La mwisho limepita sasa hivi. Limepiga honi hapo mgongoni kwako, hata kuku wamekimbia!"

Mtu wa ratiba! Alikula wali na supu ya miso kwa akina Tokushige, akalala huko, na kesho yake akachelewa kazini kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Majira ya baridi yalipokwisha aliacha kazi, akarudi Urushidani na masanduku mawili.

Mzee Tokushige alikataa katakata. Alisema hafundishi, hajui kufundisha, na mtu wa miaka arobaini na miwili ni sawa na udongo uliokwisha kukauka. Bi Fusae hakubishana naye. Waswahili wana msemo wao, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Bi Fusae, ambaye hajawahi kumwona Mswahili, alifanya hivyo hivyo. Siku ya tatu alimpa Sanae jembe na kumwonyesha mahali udongo unapochimbwa, chini ya shamba la mpunga. Mwaka wa kwanza ulikwisha kwa kuchimba, kuchekecha na kupasua kuni za msonobari. Mgongo ulimuuma Sanae kila siku, na kila siku alilala usingizi mnono ambao kule Osaka alikuwa akiusoma tu kwenye matangazo ya magodoro.

Udhia wa kweli ulikuwa wa upande. Kwenye darasa la Osaka gurudumu la umeme lilizunguka kulia, kama mishale ya saa. Urushidani magurudumu yote ni ya kupigwa teke kwa mguu, na yote yanazunguka kushoto. Kwa nini? Hakuna anayejua, na ukiuliza utatazamwa kama mtu aliyeuliza kwa nini jua halichomozi magharibi. Sanae aliona ni jambo dogo, mpaka kikombe chake cha kwanza kilipotoka kimepinda shingo kama bata anayesikiliza.

"Wewe una kazi mbili," Tokushige alimwambia. "Kwanza kusahau, halafu kujifunza. Ile ya kwanza ndiyo ngumu."

Kukanda nako kuna upande wake. Udongo ukikandwa hujiviringa ndani kama konokono alivyojiviringa katika gamba lake. Gurudumu likifuata mviringo huo, mviringo hukaza. Likizunguka kinyume chake, hulegea, na hutaona kitu leo wala kesho. Utaona udongo unapokauka. Mzee alimweleza hayo siku ya kwanza aliyomruhusu kugusa gurudumu. Sanae aliyaandika kwenye daftari, akayapigia mstari, tena mistari miwili.

Miaka mitano ikapita hivyo, na nitasema wazi kwamba alikuwa na furaha. Si furaha ya kucheka ovyo. Ni ile ya mtu anayeosha miguu jioni na kuona maji yamebadilika rangi kwa sababu amefanya kazi.

Tanuri la Urushidani ni la nyumba saba. Limelala ubavuni mwa kilima, vyumba saba vikipanda kimoja nyuma ya kingine, moto ukiingia chini na kutokea juu, na kila nyumba ina chumba chake. Kwenye kibanda cha kuni vimetundikwa vibao saba vya mbao, kila kimoja na jina la nyumba. Si majina ya ukoo, ni mengine. "Moshi." "Mbwa wa Watu." "Nyusi." Cha Tokushige, mwenye chumba cha tatu, kilisomeka "Arobaini na Moja." Sanae alidhani ni namba ya kiwanja cha zamani. Aliwahi kumuuliza Bi Fusae.

"Asiyejua atajua," Bi Fusae alijibu, na mazungumzo yakahamia kwenye figili.

Sharti la tanuri ni moja, nalo halijaandikwa popote. Chumba hujazwa na mikono ya nyumba yenyewe. Nyumba ikishindwa kujaza chumba chake kwa moto wa masika, chumba kinakwenda kwa jirani wa chini. Jirani wa chini wa Tokushige ni Kaneyoshi Hatano, mtu wa miaka sitini na mitano, mabega mapana, nyusi haba na mdomo usiolala. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka mjini na mke na hamu ya kazi, na chumba kimoja hakiwatoshi wafinyanzi wawili. Hatano hakuficha kwamba anakitaka cha tatu. Alisema mbele ya watu, mchana kweupe, anakunywa chai ya Bi Fusae.

Kwa maana vuli ile mikono ya Mzee Tokushige ilianza kutetemeka. Daktari alimkataza gurudumu. Mwanawe wa pekee anauza magari Nagoya, na alipoulizwa kwenye simu alikataa kwa adabu nyingi. Akabaki Sanae. Akikijaza chumba cha tatu kwa mikono yake, atakuwa mtu wa nyumba ile na wa tanuri lile, na kibao kipya kitatundikwa. Asipokijaza, gurudumu litakuwa la kuwekea maua ya Bi Fusae, naye akiwa na miaka yake arobaini na saba atarudi Himeji kusikiliza simulizi ya mama yake bila hata simu katikati.

Chumba cha tatu kinameza mitungi sitini ya kadiri ya ndoo, ile ya kuvundikia figili na plamu za chumvi. Kupakia kungekuwa tarehe kumi Aprili. Basi Sanae akafanya alichokijua. Alibandika karatasi pana ukutani akachora ratiba, kila mtungi na mstari wake wa mshazari, tangu kukandwa mpaka kukauka. Tarehe ishirini na tisa Machi aliizungushia duara jekundu. Hiyo ilikuwa siku ya kukagua mitungi yote.

Hatano alichungulia, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Mama Stesheni, hii nini?"

"Ratiba ya mitungi, bwana."

"Ala! Inasafiri kwenda wapi?"

"Inakwenda chumba cha tatu, kwa taarifa yako."

"Haya. Nitakuja kuipokea. Isichelewe tu, maana najua kwenu mkichelewa mnalia."

Desemba ilikwenda vizuri. Januari baridi ikaingia kwa kishindo, udongo ukaganda kwenye mapipa ukawa mawe, na kwa wiki tatu hakufinyanga kitu. Alisimama mbele ya karatasi akiona mistari yake ikimpita, na moyo ukaanza kumwenda mbio kama alivyokuwa Osaka asubuhi za theluji. Barafu ilipoyeyuka, alikuwa na mitungi thelathini na miwili, na ratiba ilikuwa imemtangulia mbali.

Akakimbiza. Alikanda asubuhi, akafinyanga mchana, na ajabu, kazi ikawa nyepesi. Alikuwa amezoea mtungi mmoja kwa siku, na sasa ilitoka miwili, kuta zake laini, midomo yake sawasawa. Alianza kuimba chinichini. Tokushige aliketi karibu na jiko akila matunda makavu ya kaki, akimtazama, bila neno. Siku moja Hatano alichungulia dirishani na utani wake mdomoni. Akaiangalia mikono ya Sanae inavyokanda, akamwangalia Tokushige, wakatazamana. Akaondoka kimya. Hatano kuondoka kimya ni jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote, lakini Sanae alikuwa ameangalia karatasi.

Tarehe ishirini na tisa Machi, saa mbili kamili asubuhi, alianza ukaguzi. Ile thelathini na miwili ya mwanzo ilikuwa mizima. Akaulaza wa thelathini na tatu, akatazama makalio yake, na pale katikati palikuwa na ufa. Ufa mmoja, umejikunja kama mnyoo. Akaulaza unaofuata. Ufa ule ule. Na unaofuata. Alipofika wa mwisho alikuwa amepiga magoti, na hakuhitaji mtu kumwambia kitu. Alitazama viganja vyake. Kwa wiki nzima, na nyingine, alikuwa amekanda kwa upande wa Osaka na kufinyanga kwa upande wa Urushidani. Mitungi ishirini na minane. Mtungi uliopasuka makalio hauvundiki hata chumvi, na mtungi mpya wa kadiri ile hutaka wiki tatu kukauka. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

"Ulijua," alimwambia Tokushige.

"Niliona siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza! Na ukanyamaza, Fundi? Unakula kaki tu? Nimekukosea nini mimi?"

"Nilishakwambia. Si uliandika?"

"Niliandika!"

"Ehe. Na mimi niliambiwa." Mzee aliweka kikonyo cha kaki kwenye kisahani, polepole, kwa sababu ya mkono. "Mimi si wa hapa, Sanae. Nilikuja kuoa katika nyumba hii. Kwetu gurudumu linazunguka kulia. Baba yake Fusae aliniambia kila asubuhi kwa mwaka mzima, upande, kijana, upande. Nikaitika. Masikio yalisikia vizuri sana. Mikono haina masikio. Mwaka ule tulifungua tanuri mbele ya kijiji kizima, na chupa zangu za pombe zikajaribiwa kwa maji."

"Zikavuja," alisema Bi Fusae kutoka jikoni. "Kama machozi! Arobaini na moja. Na yeye akaenda kulia nyuma ya choo, akadhani hatumsikii."

"Fusae."

"Si ulilia?"

Sanae aligeuka kuelekea kibanda cha kuni. Kibao kile alikuwa amekipita kila siku kwa miaka mitano. Arobaini na Moja. Halafu akakumbuka nyusi za Hatano, zilivyo haba, kama za mtu aliyewahi kuchungulia kwenye tundu la moto kabla ya wakati wake. Nyumba ile iliitwa Nyusi. Kumbe kila kibao ni kosa la mwenye nyumba!

"Lakini chumba, Fundi," alisema. "Ungeniachia nikosee mwaka mwingine. Chumba kinakwenda."

Hapo mzee akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Hilo ndilo kosa langu. Nilijua utaona mapema. Sisi mtungi tunaulaza kila asubuhi tukautazama. Nikasema kesho ataona. Kesho ikawa kesho kutwa. Wewe hukulaza hata mmoja, kwa sababu karatasi yako ilisema tarehe ishirini na tisa. Na mimi kila siku nikazidi kuona aibu kufungua mdomo."

Wakakaa hivyo, mmoja na aibu yake na mwingine na hasira yake, mpaka Bi Fusae alipotoka jikoni anafunga kitambaa kichwani.

"Mmemaliza kuomboleza? Mtungi unataka wiki tatu. Kikombe kinataka siku tano. Mimi sijapata kusikia kwamba chumba cha tatu kinakataa vikombe."

"Mama, pale panaingia vikombe mia sita," Sanae alisema. "Siwezi kukanda na kufinyanga mia sita."

"Nani amekwambia ukande? Nimekanda udongo wa nyumba hii miaka arobaini kabla mgongo haujanisaliti. Au mikono yangu si ya nyumba hii?"

"Utaumia, Fusae," alisema mzee.

"Nitaumia nikiwa nacheka. Wewe utakuwa unalaza vikombe kila asubuhi na kutazama makalio. Mikono yako inatetemeka, macho hayatetemeki."

Udongo uwahi ungali maji, na wao waliuwahi. Bi Fusae alipiga magoti kwenye mkeka akakanda, mfupi, mnene, mwenye miaka sabini na sita, akiguna kwa kila msukumo, na udongo ukajiviringa kushoto bila kuuliza mtu. Sanae alipiga gurudumu teke. Siku ya kwanza alipata vikombe sitini, na kwa kila kikombe aliiambia mikono yake upande kwa sauti, kama mwendawazimu. Siku ya pili alipata tisini. Siku ya tatu alitaka kuangalia karatasi ajue yuko nyuma kiasi gani, akakuta ukuta mtupu.

"Mama, ratiba yangu iko wapi?"

"Niliwashia jiko," alisema Bi Fusae bila kugeuka. "Karatasi nzuri sana ile. Imeshika moto mara moja."

Sanae alisimama akiwa na kikombe kibichi mkononi, hajui kama acheke au apige kelele. Akacheka. Siku hiyo alipata vikombe mia na ishirini, na hakuiambia mikono yake kitu.

Siku ya nne wakaishiwa mbao. Vikombe vinakaushwa juu ya mbao ndefu, na nyumba iliyozoea mitungi haina mbao za vikombe mia sita. Walikuwa wamekwisha kutumia meza ya chakula, milango miwili ya kabati na ubao wa Bi Fusae wa kukunjia nguo, ndipo Hatano alipotokea uani, mbao kumi na mbili begani, jasho linamtiririka.

"Nimesikia stesheni imejaa abiria," alisema, akazitua kwa kishindo.

"Bwana Hatano," alisema Sanae, "sharti linasema mikono ya nyumba yenyewe."

"Sasa hizi ni mikono? Hizi mbao, mama. Mbao si mikono." Alitazama safu za vikombe, akakipindua kimoja, akakirudisha. "Na msinitazame hivyo. Chumba kikiwa kitupu moto unapita mbio kama mwizi, na vyombo vyangu vilivyo jirani vinaungua upande mmoja. Nafanya kwa faida yangu."

"Si ulikitaka chumba?" Tokushige aliuliza.

"Nakitaka mpaka sasa. Lakini nikikipata kwa sababu jirani amekosa mbao, mke wangu atanipikia nini? Atanipikia matusi." Akaenda zake, kisha akarudi na mbao nyingine nane.

Tarehe kumi Aprili chumba cha tatu kilipakiwa. Mitungi thelathini na miwili nyuma, vikombe mbele na katikati, safu juu ya safu, na mlango ulipozibwa kwa matofali na udongo hapakuwa na nafasi ya kupenyeza ngumi. Waliweka chumvi, mchele na kikombe cha pombe juu ya tanuri kama sadaka, wakaliinamia, kuni zikaingia. Siku tatu moto ukapanda kutoka chumba hadi chumba. Siku saba wakangoja lipoe. Hayo kila mtu anayajua na sina haja ya kuyarefusha. Sanae alikonda kilo mbili na kuvunja jino kwa kulisaga.

Siku ya kufungua, vyombo vilitolewa mkono kwa mkono mpaka uwanjani, rangi ya kahawia na majivu yaliyoyeyuka mabegani mwake. Desturi ni kwamba kibao kipya hutundikwa saa sita mchana, wazee wa nyumba saba wamesimama mbele ya kibanda, na jina huchongwa na jirani wa chini. Huulizwi unataka jina gani. Sanae alikuwa amejiandaa. Alijua litakuwa "Ishirini na Nane", na alikwisha kupatana nalo, hata akaanza kulipenda kidogo.

Lakini kabla ya sita alitaka kuvitazama vikombe. Alipiga magoti uwanjani, akakipindua kimoja, kikavu, kizima, duara la chini limekaza. Akakipindua kingine. Kingine. Jua lilikuwa tamu mgongoni. Tokushige alikuwa amekwisha kuvitazama vyote vikiwa vibichi, na mtu mwenye akili angekagua kumi tu akaondoka, ila yeye aliendelea, kimoja kimoja, na furaha ilimjaa kifuani mpaka akaogopa kuvuta pumzi kwa nguvu. Aliposikia anaitwa, wazee walikuwa wamesimama pale kwa dakika ishirini.

Alikimbia na majivu magotini. Akafika, akabana mikono mapajani, akainama kabisa, mgongo sawa na meza, kama alivyofundishwa kazini. "Naomba radhi kwa kuchelewa. Nawaomba radhi sana. Hakuna udhuru wowote."

Kisha Bi Fusae akaanza kucheka, na wengine wakafuata, mpaka Mzee Tokushige akashika nguzo.

"Sasa nitacheka vipi na mimi nina kibao mkononi?" alilalamika Hatano. Alikwisha kukishusha kile cha Arobaini na Moja na kumkabidhi mzee akaweke nyumbani, karibu na picha za wakwe zake wawili waliokwisha kufa. Sasa akapanda kwenye kigogo, akatundika kipya, akakinyoosha kwa kidole. Mbao ilikuwa nyeupe bado, inanukia.

Ilisomeka "Stesheni."

Sanae alisoma mara mbili. "Nilidhani itakuwa Ishirini na Nane."

"Mitungi si kosa lako," Hatano alisema akishuka. "Kila mtu hapa amepasua mitungi. Lakini tangu kijiji hiki kiwepo, ni nani mwingine aliyekaa mwezi mzima bila kulaza mtungi kwa sababu tarehe haijafika? Hilo kosa ni lako peke yako. Tumelitafutia mwenziwe, hatukupata."

"Na mimi niliacha kazi ya reli ili niachane na stesheni," alisema Sanae. Alitaka liwe ni utani, lakini sauti ilikatika katikati.

"Basi hukujua kuacha," alisema Hatano. Alijikuna zile nyusi zake haba, akionekana kuona haya kidogo. "Tena usianze kulia hapa, mama. Treni ndiyo inayopita. Stesheni inakaa."

Sanae akalia hapo hapo, mbele ya nyumba saba, wala hakwenda nyuma ya choo. Bi Fusae alimpa kitambaa chake cha kichwani, kilichojaa udongo, akajifuta nacho uso ukazidi kuwa mchafu. Kisha wakaenda kula, kwa sababu wali ulikuwa unapoa, na jioni alimpigia mama yake simu Himeji kumwambia kwamba amepandishwa cheo.